Omega ya dola 4,200 mjini Lubumbashi: inunuliwe au iachwe?

Saa inayojadiliwa hapa ni Omega Seamaster Diver 300M, modeli namba 210.30.42.20.01.001. Kasha lake ni la chuma cha pua, upana milimita 42. Uso ni mweusi, wa kauri, na mawimbi yake yamechongwa kwa leza. Pete inayozunguka juu yake ni ya kauri pia, na mkanda ni wa chuma. Muuzaji aliinunua mpya Dubai mwezi Juni 2019. Agosti 2025 aliitoa kwa dola 4,200 taslimu, pamoja na sanduku na kadi ya dhamana.

Mnunuzi anaishi komini ya Kampemba na ana malori mawili yanayobeba mizigo kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hadi migodi ya upande wa Likasi na Fungurume. Ana akiba ya dola 9,500, lakini 5,000 kati ya hizo amekwishazitenga kwa matairi ya trela kabla mvua hazijaanza Novemba. Fedha iliyo huru kweli ni dola 4,500.

Alikuja kwetu kuomba ushauri, na sababu tatu za kutaka kununua: saa ya Uswisi ni akiba kama dhahabu, saa ya bei hiyo lazima iwe sahihi kuliko saa nyingine zote, na bei anayoambiwa iko chini ya bei ya dukani. Sababu mbili za kwanza si za kweli. Ya tatu ni kweli, ila haimsaidii kuamua.

Kuhusu akiba: zipo saa chache, hasa baadhi ya Rolex za chuma, ambazo kwa miaka kadhaa ziliuzwa mkononi kwa bei iliyo juu ya ile ya dukani. Seamaster haimo kwenye kundi hilo. Anayeinunua mpya na kuiuza hupoteza fedha, ndiyo maana aliyoitumia mwingine inavutia, kwa sababu hasara kubwa ya mwanzo imekwisha kubebwa na mwenzako. Tena dhahabu haihitaji kufunguliwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka michache.

Kuhusu usahihi: modeli hii ina cheti cha Master Chronometer kutoka METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, kinachoitaka isirudi nyuma na isiende mbele zaidi ya sekunde 5 kwa siku. Kwa mashine ya magurudumu na kamani (springi), hicho ni kiwango cha juu sana. Lakini sekunde 5 kwa siku ni dakika mbili na nusu kwa mwezi. Casio F-91W ya plastiki, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo bado inauzwa kwa bei ya chakula cha watu wawili, hupotea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Anayetaka saa sahihi anunue ya betri, na akiba yake ibaki salama.

Inabaki sababu ya nne, ambayo mnunuzi aliitaja mwishoni kwa sauti ya chini: anaipenda. Anapenda kwamba ndani yake hakuna betri, kwamba mkono ukitembea nayo inajijaza, na kwamba mwanawe anaweza kuivaa baada yake. Hiyo ni sababu halali kabisa, na kwa maoni yetu ndiyo pekee inayostahili kulipiwa maelfu ya dola. Kuanzia hapo swali linakuwa jepesi kulishika: hii saa moja, iliyo mezani, iko katika hali gani, na kwa hali hiyo ina thamani gani kwa mtu wa Lubumbashi?

Kwanza, ni Omega kweli?

Saa bandia za siku hizi si zile za zamani zilizokuwa zinajulikana kwa uzito tu. Kasha linaweza kuwa la chuma kizuri, pete ikawa ya kauri, sanduku likafanana. Kadi huigwa pia. Kwa hiyo kadi haithibitishi saa. Kazi yake ni kulinganishwa nayo. Namba ya saa iliyochongwa kwenye kasha lazima iwe ile ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na tarehe ya mauzo isiwe kabla ya 2018, mwaka modeli hii ilipotoka. Namba hiyo hiyo iulizwe pia kwenye The Watch Register, orodha ya saa zilizoibwa inayoendeshwa kutoka London. Saa iliyoibwa inaweza kuwa halisi kabisa na bado ikawa hasara tupu: siku utakayoipeleka kiwandani kutengenezwa inaweza kuzuiwa huko huko.

Modeli hii ina fadhila moja kubwa: mgongo wake ni kioo. Huhitaji kuifungua ili uone mashine, yaani kalibre 8800. Chukua lenzi inayokuza mara 10 na taa ya simu, kisha utazame vitu viwili. Mistari ya mapambo ya mashine hii hutokea katikati na kupinda kuelekea ukingoni. Ikiwa mistari imenyooka kama mistari ya daftari, weka saa chini. La pili ni gurudumu la mizani, lile linalobembea kwenda na kurudi. Kalibre 8800 haina kile kijiti kidogo chenye alama za + na − cha kurekebishia mwendo. Inarekebishwa kwa skrubu ndogo zilizo kwenye gurudumu lenyewe. Kijiti hicho kikionekana, hakuna haja ya kuendelea.

Kisha kifundo cha kutia ufunguo, kile kidogo cha kuzungusha kilicho ubavuni mwa saa. Kifungue kwa kukizungusha. Hapo ukikigeuza unajaza kamani. Ukikivuta hatua ya kwanza, tarehe iliyo kwenye saa sita ya uso hubadilika haraka. Hatua ya pili mshale wa sekunde husimama na mishale mingine hufuata kidole. Kama hatua ya kwanza inarusha mshale wa saa badala ya tarehe, mashine iliyomo si 8800.

Kuna jaribio lingine ambalo kwa saa hii ni zuri mno, nalo ni sumaku. Kamani ndogo ya mizani, ile nyembamba kama unywele, hapa ni ya silikoni, na sehemu nyingine nyeti ni za madini yasiyovutwa. Saa hupimwa katika nguvu ya gausi 15,000 kabla ya kupewa cheti. Saa ya kawaida inayotajwa kuwa inahimili sumaku hutakiwa kuvumilia gausi 60 tu. Basi, kwa ruhusa ya mwenye saa, pima mwendo, iweke dakika moja juu ya sumaku ya spika ya zamani, upime tena. Iliyo halisi haitabadilika. Yenye kamani ndogo ya kawaida itaanza kukimbia, pengine kwa dakika nzima au zaidi kwa siku. Jaribio hili halina madhara kwa Omega hii, lakini msilifanye kwa saa nyingine yoyote. Hata hivyo saa iliyoshikwa na sumaku haijafa: fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huiponya kwa sekunde chache.

Kwa mnunuzi huyu jambo hilo lina maana kubwa kuliko kwa mtu wa ofisini. Kwenye mikanda inayobeba mawe ya madini hutundikwa sumaku kubwa za kunasa vyuma visivyotakiwa, na yeye hupita karibu nazo kila wiki. Saa nyingi za bei hii zingerudi nyumbani zimechanganyikiwa. Hii haitajali.

Saa ilipita yote: namba zililingana, orodha ya wizi haikuwa na kitu, mistari ilipinda, kijiti hakikuwepo, sumaku haikuigusa. Ni Omega.

«Haiyafunguliwa hata siku moya»

Muuzaji, mdogo kwa umri kuliko mnunuzi, alilisema kwa fahari, kwa Kiswahili cha Lubumbashi: «Yaya, hii saa haiyafunguliwa hata siku moya», yaani kaka, haijafunguliwa hata siku moja. Alikuwa na haki ya kujivunia, maana saa isiyofunguliwa ina vipande vyake vya asili na haijaguswa na bisibisi ya mtu wa sokoni. Lakini sentensi hiyo hiyo inasema jambo la pili: mafuta yaliyomo ni ya 2019 au kabla.

Ndani ya saa ya kamani, nguvu hutoka kwenye kamani kubwa iliyojikunja ndani ya pipa dogo. Hupita kwenye magurudumu ya meno hadi kwenye eskapementi, kifaa kinachoiachia kidogo kidogo, na hapo gurudumu la mizani hupigwa teke dogo mara 25,200 kwa saa. Omega hutumia eskapementi ya Co-Axial, aliyoibuni Mwingereza George Daniels na ambayo Omega iliianza mwaka 1999. Sifa yake ni kupunguza msuguano wa kuteleza kati ya meno, hivyo inahitaji mafuta machache kuliko ya kawaida. Machache, lakini si sifuri. Na vidole (ncha) vya ekseli za magurudumu mengine vinazunguka katika mashimo ya vito ambako tone la mafuta, dogo kuliko chembe ya chumvi, ndilo linalozuia chuma kisiliwe. Tone hilo hukauka au husambaa. Ndiyo maana Omega hushauri matengenezo kamili kila baada ya miaka 5 hadi 8.

Je, hii ya miaka sita imefika? Kalenda pekee haiwezi kujibu. Inapimwa, na kipimo hiki ndicho kilichobadilisha bei, kwa hiyo tukieleze taratibu.

Mjini wapo mafundi wenye mashine ya kupimia saa, kisanduku chenye skrini na kishikio chenye maikrofoni kinachosikiliza mdundo. Saa ilijazwa ufunguo, takriban mizunguko 40 ya kifundo, ikaachwa robo saa itulie. Fundi akaiweka kwenye kishikio uso ukiangalia juu. Skrini ikasoma: mwendo sekunde +9 kwa siku, upana wa mbembeo, yaani umbali ambao gurudumu la mizani hubembea kila upande, digrii 301. Fundi akasema saa ni nzima. Nambari 301 kweli ni ya saa nzima.

Tatizo ni mpangilio mmoja uliosahaulika. Mashine hizo haziuoni mbembeo. Zinausikia na kuukokotoa, na katika hesabu hiyo huhitaji kuambiwa pembe ambayo eskapementi inaisukuma mizani. Zinapotoka kiwandani huwekwa digrii 52, pembe iliyo karibu na ya mashine nyingi za Uswisi. Ya Co-Axial ni karibu 38. Ukiiacha kwenye 52, kila jibu linavimba kwa zaidi ya theluthi moja. Fundi alipoweka 38, zile 301 zikawa 220. Saa ilipogeuzwa isimame wima, 260 za mwanzo zikawa 190. Saa hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, imetoka kwenye afya njema hadi kwenye uchovu. Kwa saa iliyojaa ufunguo, ikiwa imelala, tungependa kuona 250 na zaidi.

(Vifaa vya bei nafuu wakati mwingine hubabaishwa na mlio wa Co-Axial, ambao una mwangwi tofauti. Usisome mara moja. Iondoe, irudishe, soma mara tatu katika kila mkao.)

Mikao mitano ilitoa haya: uso juu +9, uso chini +8, kifundo chini +1, kifundo juu −3, kifundo kushoto −2. Wastani wake ni +2.6, ndani kabisa ya kiwango cha METAS. Mtu angeivaa siku moja na kuilinganisha na simu, angesema imetulia kama mpya. Lakini kutoka +9 hadi −3 kuna sekunde 12, na tofauti hiyo ndiyo yenye habari. Mbembeo unapokuwa mpana, kasoro ndogo za uzito katika gurudumu la mizani hazionekani. Ukisinyaa, kila mkao unaanza kuvuta upande wake. Makosa ya pande mbili yanafutana kwenye wastani, na mwenye saa hajui.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mashine yoyote, na kila mnunuzi anapaswa kukidai. Saa ilijazwa kabisa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ikalazwa juu ya kabati, haikuguswa. Kalibre 8800 hutakiwa kwenda saa 55, yaani hadi saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu. Ilisimama Jumapili saa tatu na nusu asubuhi. Saa 39 na nusu. Zimepungua 15 na nusu. Nguvu inaliwa njiani, na kinacholiwa pamoja nayo, taratibu, ni vidole vya ekseli.

Hakuna lililovunjika. Saa inahitaji kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa mafuta mapya na mipira mipya ya kuzuia maji. Ila gharama hiyo sasa si ya «siku moja huko mbele», ni ya sasa, na inapaswa kutoka kwenye bei.

Maji, kauri na mkanda

Mita 300 zilizoandikwa usoni ni uwezo wa saa yenye mipira mipya. Mipira ya 2019 inaweza kuwa imekakamaa. Kama hakuna mashine ya kupimia shinikizo, kuna njia ya kuona iwapo unyevu umekwisha ingia: ipashe saa moto hadi digrii 40 au 45 za Selsiasi, dondosha maji ya kawaida juu ya kioo, ngoja dakika moja, futa. Ukungu ukionekana kwa ndani, maji yamo. Hapa haukuonekana. Hata hivyo tulishauri isiogeshwe wala kuingia ziwani mpaka mipira ibadilishwe. Kile kifundo cha pili kwenye saa kumi ni cha kutolea heliamu kwa wazamiaji wanaoishi siku nyingi katika vyumba vya shinikizo chini ya bahari. Kwa mtu wa Lubumbashi hakina kazi, kiachwe kimefungwa.

Pete ya kauri haikwaruziki kwa urahisi, lakini ikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka, nayo hubadilishwa nzima. Ipitishe ukucha pande zote ukitafuta ufa kama unywele. Izungushe: iende upande mmoja tu, ikatike kwa mlio wa wazi. Hii ilikuwa nzito upande mmoja. Sababu ilikuwa vumbi jekundu la kiangazi lililojaa chini yake, na liliondoka kwa maji safi, sabuni kidogo na brashi laini ya meno, kifundo kikiwa kimekazwa.

Pembe za kasha, zile zinazopinda kuupokea mkanda, zilikuwa bado na kingo kali. Ni dalili nzuri, maana saa iliyosuguliwa mara nyingi ili ing’ae huwa na kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na chuma kilichoondoka hakirudi. Mkanda ulikuwa umepungua pingili mbili ambazo muuzaji hakuzipata. Kwa mnunuzi huyu mkanda ulimtosha, hasa kwa kuwa kifungo chake kinaweza kurefushwa kwa kubonyeza. Lakini siku ya kuuza, mtu mwenye mkono mnene atazikosa, na pingili za asili hununuliwa moja moja kwa bei inayoshangaza.

Bei inayostahili

Mnunuzi alikusanya bei 9 za modeli hiyo hiyo, zenye kadi na sanduku, kutoka kwa wauzaji wa nje wanaotoa dhamana ya mwaka mmoja na siku za kurudisha. Akaondoa mbili za juu na mbili za chini. Zilizobaki zilizunguka dola 4,000. Kwa hiyo 4,200 ya muuzaji, bila dhamana, ilikuwa juu hata kabla ya vipimo.

Matengenezo. Dhamana ya Omega ya miaka 5 ilikwisha Juni 2024. Kazi inayotambuliwa na kiwanda ina maana ya saa kusafiri, Afrika Kusini au Ulaya. Tuliweka dola 800 kwa kazi na 200 kwa kwenda na kurudi. Kampuni nyingi za vifurushi huweka kikomo cha chini cha fidia kwa saa na vito, kwa hiyo sharti hilo lisomwe kabla ya kulipa. Na kabla saa haijavuka mpaka, mtu aulize ofisi ya DGDA, yaani forodha ya Kongo, namna ya kuandikisha kitu kinachotoka kwa muda kwa ajili ya kutengenezwa, kikiwa na namba yake. Vinginevyo, ikirudi inaweza kuhesabiwa kama bidhaa mpya na kutozwa ushuru. Fundi wa mjini angeweza kuifanya kwa bei ya chini mno. Kwa Seiko tungemwamini bila kusita. Kwa Co-Axial hapana, si kwa kudharau mikono yake, bali kwa sababu vipande, mafuta na vipimo vya eskapementi hiyo haviuzwi ovyo kwa mafundi huru.

Hesabu basi ni hii. Saa nzima yenye dhamana ni 4,000. Hii ikifanyiwa matengenezo kamili na Omega hurudi na dhamana ya kazi ya miezi 24, kwa hiyo baada ya matengenezo thamani yake kwa mnunuzi ni hiyo hiyo 4,000, pingili mbili zikiwa zimefidiwa na ule mwaka wa pili wa dhamana. Toa 1,000 ya matengenezo. Kikomo ni dola 3,000, na dola ya 3,001 ni ya mapenzi.

Mnunuzi alitaka pia kujua kama kwa dola karibu 4,000 kuna kitu bora. Ipo Tudor Black Bay Fifty-Eight, iliyotoka 2018: milimita 39, mita 200, mashine MT5402 yenye akiba ya saa 70 na cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, na ikinunuliwa mpya ina dhamana ya miaka 5 inayohamia kwa mnunuzi yeyote. Kwa mtu asiyepita karibu na sumaku, tungesema achukue hiyo na alale usingizi. Na kwa dola mia tatu hivi ipo Seiko 5 yenye mashine 4R36, akiba ya saa 41. Inaweza kupotea hata zaidi ya nusu dakika kwa siku, lakini mashine nzima hubadilishwa hapa hapa Lubumbashi kwa gharama ndogo. Mnunuzi tulimwomba aivae Seiko ya rafiki yake wiki mbili kwanza. Alirudi akiwa bado anaitaka Omega. Basi.

Gharama ya kuivaa: 4,000 za mwanzo, pamoja na matengenezo mengine ya 1,000 kufikia mwaka wa saba au wa nane, ni 5,000. Tukikadiria kwa tahadhari kwamba baada ya miaka 10 itauzwa 2,500, imemgharimu 2,500, kama dola 21 kwa mwezi. Hilo analiweza. Ambalo haliwezi kirahisi ni mtaji kukaa kwenye kifundo cha mkono, maana akitoa 4,000 kwenye zile 4,500 anabaki na 500, na lori moja likikatika ekseli barabara ya Likasi, 500 hazifiki popote. Matairi hayaguswi, hilo tulilisema bila kulizungusha.

Suluhisho lilitoka kwenye tabia ya saa yenyewe. Saa ya kamani iliyosimama haijisagi. Inayoenda ikiwa imekaukiwa ndiyo inayojisaga. Kwa hiyo alishauriwa anunue kwa bei isiyozidi 3,000, aiweke ndani ya sanduku bila kuijaza, na aitume kutengenezwa pale malipo ya mgodi anayoyadai yatakapoingia. Akiona hawezi kuwa nayo bila kuivaa, asinunue mwaka huu.

Muuzaji alipoonyeshwa saa 39 na nusu dhidi ya 55, hakubisha. Kipimo hicho alikifanya mwenyewe nyumbani mara ya pili na kupata karibu vile vile. Alishuka hadi 3,400. Mnunuzi alimshukuru na kuondoka. Wiki tatu baadaye walikubaliana 3,000.

Makabidhiano yalifanyika ndani ya ukumbi wa benki, mchana. Kila noti ilitazamwa kwenye mwanga, kwa sababu hapa noti ya dola yenye mchaniko mdogo tu ukingoni hukataliwa. Waliandikiana hati nakala mbili: modeli, namba ya saa, bei, hali («haijatengenezwa tangu 2019, akiba ya nguvu saa 39 na nusu, pingili mbili hazipo»), tarehe, sahihi, na nakala za kadi za mpiga kura za wote wawili. Saa iliwekwa mfukoni, si mkononi, kwa safari ya kurudi Kampemba.

Itakaporudi kutoka kwenye matengenezo, irudie vipimo vile vile kabla ya kuvaliwa: pembe 38 kwenye mashine, mikao mitano, na usiku tatu juu ya kabati. Ikisimama kabla ya saa 55 kukaribia, irudishwe ikiwa bado ndani ya miezi 24. Tarehe isibadilishwe kwa haraka mishale ikiwa kati ya saa mbili usiku na saa nane usiku, muda ambao meno ya tarehe yanakuwa yameshikana. Na kwenye mitambo ya asidi ya kuchenjulia shaba, ibaki ndani ya gari.